Choo Kwanza, Historia Baadaye

Mtu ninayetaka kumsimulia hakuwa ndugu yangu, wala hakuwa mwalimu wa wanangu, ingawa walijifunza kwake mambo mengi na karibu nusu yake yalikuwa ya uongo. Alikuwa dereva wa basi la shule. Watoto walimwita Anko Dere, sisi wakubwa tukamwita Dere tu. Jina lake la kwenye bataka, ile kadi ya ukaazi ambayo Doha huwezi hata kununua laini ya simu bila kuitoa, nililiona mara moja na halikumfaa.

Alizaliwa wapi na nani, sikuuliza. Alisema ni mtu wa bara. Na sisi tuliokulia Mombasa, bara kwetu huanzia Mariakani ikaishia huko ijuako yenyewe, kwa hiyo sikuona haja ya kuchimba.

Tuliishi jengo moja Al Wukair, enzi hizo Wukair ikiwa vumbi na malori ya maji. Mwenye nyumba alikuwa ameigawa villa moja vipande sita. Sisi, yaani mimi, mume wangu na watoto wawili, tulipata vyumba viwili vya chini. Dere alikuwa chumba cha uani pamoja na Waganda wawili, walinzi wa hoteli, ambao kila nilipowaona walikuwa wamelala au wanakwenda kulala. Mimi ni muuguzi. Mume wangu ni mtu wa kompyuta, na kompyuta za kazini kwake zilikuwa na tabia ya kufa siku ya Ijumaa. Leseni ya kuendesha nilikuwa nimeanguka mtihani mara tatu, zote kwenye kuegesha. Basi Ijumaa, siku ya mapumziko nchi nzima, gari letu la siti saba lilisimama nje limefunikwa vumbi na watoto walikuwa ndani wakirukia kochi.

Ijumaa moja Dere akabisha mlango.

"Mama Wakesho, hao watoto watamaliza kochi. Nipe funguo, na wewe ukae nyuma uwashikilie. Nawapeleka waone ngome."

"Ngome gani? Hii nchi ina ngome?"

"Kila nchi iko na ngome. Watu wanapenda kupigana."

Nikamwuliza kwa nini anataka kujisumbua na watoto wa watu siku yake ya kulala. Hakuzunguka. Alisema ana watoto wawili nyumbani, Damaris na Amosi. Alimwacha Damaris na miaka tisa, Amosi na sita. Anawatafutia visa waje mwezi mmoja, likizo ya Desemba, awazungushe kwa gari waone kila kitu cha kale kilichoko hapa. Na mtu hawezi kuanza na watoto wake mwenyewe bila kujaribu kwanza.

"Kwa hiyo wangu ni wa majaribio?"

"Wako wamekaa tu, Mama Wakesho."

Ndivyo tulivyoanza, mwaka wa elfu mbili na nane, na tukaendelea karibu miaka sita, kuanzia Oktoba jua linapopata adabu mpaka Aprili linapoikosa tena.

Sheria zake zilikuwa nyingi na hazikuwa na rufaa. Kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi. Hakupiga honi, aliwasha taa za tahadhari, akakaa ndani ya gari akitazama mbele, ukitoka saa kumi na mbili na dakika nne unamkuta na uso wa mfiwa. Ndizi haziliwi garini. Mtoto asiulize "tumefika?" kabla hajaona ngamia watatu, na ngamia mmoja akionekana mara tatu huhesabiwa mmoja. Na tukishafika popote, kabla mtu hajainua macho kutazama ukuta, Dere alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea msikitini au kituo cha mafuta. "Choo kwanza, historia baadaye." Mwanangu wa pili, Mwakio, aliisema sentensi hiyo kabla hajajua kuhesabu hadi ishirini.

Tukirudi na sote tukishashuka, alikwenda siti moja moja akaigusa kwa kiganja, zote saba, halafu akainama kutazama chini. Kwenye basi la shule ndiyo kazi, mtoto asije akasahauliwa ndani na jua hili. Lakini kwetu watoto walikuwa wawili na wote wamesimama mbele yake wakitaka maji. Aligusa vilevile. Nilimwambia siku moja, "Dere, wako hapa, mmoja anakuvuta suruali." Akasema, "Hao nawaona. Natafuta wale siwaoni."

Nilimcheka. Nilikuwa mtu wa kucheka haraka siku hizo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Barabara ya Shamali, ambayo vijana wa magari meupe huifanya uwanja wa ndege, yeye aliendesha kama amebeba mayai ya mama mkwe, lakini karaki yake, ile chai ya maziwa ya dirishani, aliinywa ikiwa inachemka, kwa pumzi mbili, na kulaumu wengine kwa kuchelewa. Alipenda ngome na aliogopa kupanda juu. Pale Umm Salal kuna minara ya Barzan, ngazi zake nyembamba ziko nje, na sisi tukipanda yeye alibaki chini mikono nyuma.

"Panda, Dere!"

"Nalinda viatu."

"Viatu tumevivaa!"

"Ndiyo maana haviibiwi."

Al Wakrah, ambako kulikuwa karibu na nyumbani na kuna majumba ya kale pale pale ufuoni, alikataa kutupeleka mwaka mzima. Alisema historia ya dakika kumi si historia. Lazima mtoto asinzie njiani, aamke, aone njaa, agombane na nduguye, ndipo akifika ataliheshimu jiwe. Kwa hiyo tulivuka nchi nzima kwenda kuona kuta, na ufuo wetu tukauona ukipita dirishani.

Mahali walipopapenda watoto kupita pote ni Jasasiya, kaskazini huko, penye miamba iliyochongwa. Kuna picha za vyombo vya baharini, lakini Dere alizipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye vishimo, vimepangwa mistari miwili miwili, vidogo, vya mviringo. Akachuchumaa.

"Mama Wakesho. Hii ni nini?"

"Bao," nikasema, na mwili ukanisisimka, sitaki kusema uongo.

"Bao kabisa. Hawa ni watu wetu."

"Dere, usianze."

Alikuwa ameshaanza. Alitoa mfukoni kokwa za tende, akamwekea Mwakio upande wake, wakacheza. Mlinzi wa mahali, kijana wa Kibangladeshi mwenye kipenga shingoni, akaja anapuliza kutoka mbali. Alipofika akasimama. Akatazama. Akamsukuma Mwakio pembeni kwa upole, akakaa, akamfunga Dere mara mbili mfululizo, halafu akasimama akapuliza kipenga na kutufukuza. Dere alinung'unika mpaka Doha kwamba kipenga kilimvuruga hesabu.

Sasa nije kwenye uongo.

Ngome aliyoipenda ni ya Zubara, kule mwisho wa nchi, mwendo wa saa moja na robo. Imesimama peke yake jangwani, mraba, minara minne, na mbele yake kuna magofu ya mji wa kale wa wafanyabiashara wa lulu. Dere aliwapanga watoto mlangoni akawapa historia. Ilijengwa na Wareno. Ukiitazama toka juu ina umbo la mtu amelala, kichwa kile, mikono ile.

"Mbona ni sanduku?" akauliza Mwakio.

"Ni mtu mnene."

Akaendelea. Wareno walizingirwa humo karibu miaka mitatu. Chakula kikaisha. Wakala panya, panya wakaisha, wakala mikanda. Mizinga ililia mpaka masikio ya askari yakatoa damu. Watoto wakawa wanamkodolea macho, na yeye, unajua tena, mgema akisifiwa. Kila tulipokwenda waliongezeka panya.

Mimi mzaliwa wa Mombasa nilisimama pale na kutikisa kichwa kama mwenye kusikia mapya. Niseme ukweli: ndani ya Fort Jesus sijakanyaga mpaka leo. Mtu wa Mombasa haendi Fort Jesus. Ile ni ya wazungu na wanafunzi wa bara wanaoletwa na mabasi. Ningekuwa nimeingia hata mara moja, ningemkamata siku ya kwanza. Sikuingia, kwa hiyo sikumkamata, na binti yangu Wakesho akaandika yote kwenye kazi ya shule, kurasa nne, akachora na panya.

Mwalimu wake akaniita. Mwanamke mpole, alikuwa ameziweka zile kurasa mezani kwa adabu kama majibu ya maabara. Akaniambia kwamba ngome ile si ya kale hivyo, ilijengwa miaka ya thelathini kwa ajili ya walinzi wa pwani, mji wa lulu ukiwa umeshakufa zamani. Akasema hayo yameandikwa kwenye kibao mlangoni. Akaniuliza, hivi mama, mtoto amesoma wapi habari hizi? Nikasema, tuna mtu.

Aibu niliyoipata siku hiyo ilinipanda mpaka masikioni. Na mimi nikishapandwa, sina breki. Ijumaa iliyofuata nikanyamaza njia nzima, tukafika Zubara, tukaenda choo, watoto wakapangwa mlangoni, Dere akafungua mdomo, nikamkata.

"Dere. Soma kibao."

"Kibao ni cha wale hawana mtu wa kuwaeleza."

"Soma, wasikie."

Alinitazama. Halafu akavua kofia, akasogea, akasoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya maneno, Kiingereza chote mpaka chini. Alipomaliza upepo ulikuwa unavuma. Mwakio akamvuta shati.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikula panya?"

"Inaonekana hapana," akasema Dere.

Aliturudisha nyumbani. Akagusa siti zake. Ijumaa iliyofuata taa za tahadhari hazikuwaka, na iliyofuata pia. Watoto wakarudi kwenye kochi. Mume wangu, ambaye huongea kwa msimu, akaniuliza kama nimefurahi sasa. Sikufurahi. Mtu mzima kumsomesha kibao mbele ya watoto, tena watoto si wake, si jambo.

Nikapika chapati na ndengu, nikaenda uani kubisha. Waganda walikuwa wamelala. Dere akatoka, akapokea sahani, tukakaa kwenye ngazi.

"Ulisikia wapi hayo ya Wareno?" nikamwuliza.

Akasema alikuwa dereva wa lori kabla ya Doha, Mombasa mpaka Kampala, miaka kumi na zaidi. Siku moja bandarini foleni ya kupakia ilikaa siku tatu. Siku ya pili akachoka kulala chini ya lori, akalipa kiingilio Fort Jesus. Mbele yake kulikuwa na baba mmoja na watoto wake wawili, wamekodi mtembezaji, naye akawafuata nyuma nyuma asikie bure. Mdogo alikuwa juu ya mabega. Kila mtoto alipouliza kitu, mtembezaji alimwambia baba, na baba akamwambia mtoto.

"Na yule baba alikuwa hajui kitu," akasema Dere. "Alikuwa anaambiwa hapo hapo. Lakini mtoto alikuwa anamwangalia hivi." Akainua uso juu, mdomo wazi, kunionyesha. "Nikasema, siku moja mimi na Damaris. Nikashika yote kichwani. Lakini lori, Mama Wakesho, lori halina likizo. Nilikuwa nafika nyumbani wamelala, naondoka wamelala. Halafu nikaja huku."

"Sasa Dere, si ungetafuta habari za ngome yenyewe?"

"Nilijua ngome moja. Nikafikiri ngome ni ngome."

Nikamwomba radhi. Akasema haina neno, chapati imekubali.

Alivyorudi, alirudi vibaya. Alinitaka nimchapishie kazini karatasi za historia ya Katari, akazisoma kwenye basi akisubiri watoto wa shule watoke, na Ijumaa akatuletea mambo ya kweli. Lulu zilivyopimwa. Ukuta ulikuwa na unene gani. Nani alirithi kwa nani. Watoto walivumilia safari tatu, wakawa wanasinzia wamesimama. Safari ya nne Mwakio akamshika mkono.

"Anko, tafadhali. Panya."

Dere akanitazama, mimi nikatazama ngamia. Tangu hapo tulikuwa na historia mbili: ya kibao, ambayo aliisema mlangoni kofia mkononi, na ya safari, ambayo aliisema garini milango ikiwa imefungwa. Wakesho alifaulu vizuri tu.

Muda wote huo visa ilikuwa inatafutwa. Kila miaka miwili alipewa likizo akaenda nyumbani, akarudi na habari kwamba watoto wamekuwa wakubwa na wanamsalimia kwa mkono. "Naketi sebuleni kama mgeni," aliniambia. "Wananiletea chai na kisosi. Nataka wao ndio wawe wageni, mimi ndiye nijue choo kiko wapi." Simu alipiga kila Ijumaa tulipokuwa kituo cha mafuta, akaweka sauti kubwa ili na sisi tusalimie.

"Damaris, leo tunaenda ngome ile ya kule mwisho. Nikuletee jiwe?"

"Baba, mawe hata hapa yako."

"Hii ni ya historia."

"Sawa, baba. Mama anataka kuongea."

Akishakata simu alikaa kidogo akitazama pampu. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akawasha gari.

Tatizo lilikuwa bataka. Kwenye bataka yake kazi iliandikwa dereva, na dereva haleti familia. Msimamizi huleta. Kampuni yake ilikuwa na mandubu, yule mtu wa kukimbiza makaratasi kwenye ofisi za serikali, na Dere alimfuata huyo mandubu kama kivuli. Mandubu alisema inshallah. Mwaka wa kwanza inshallah, wa pili inshallah. Wa nne, sijui ni kwa dua ya nani, akaitwa akaambiwa jina la kazi limebadilishwa: yeye sasa ni msimamizi wa mabasi. Aliendelea kuendesha basi lile lile. Lakini maombi yakapokelewa, na Oktoba akaja kubisha na karatasi mkononi, amekubaliwa, mwezi mmoja, watoto wote wawili.

Nilipiga vigelegele mpaka Waganda wakaamka.

Aliandika ratiba nyuma ya fomu ya njia za basi. Siku ya kwanza Umm Salal, minara, yeye atapanda. Aliandika hivyo, "nitapanda", akapiga mstari chini. Siku ya pili Jasasiya. Siku ya tatu Zubara, kuondoka saa kumi na mbili kamili. Al Wakrah aliiweka siku ya mwisho kabisa, jioni, wakiwa wamechoka. Alimwuliza Wakesho, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, msichana wa miaka kumi na sita hupenda kula nini njiani. Wakesho akamwambia wasichana wa miaka hiyo hawapendi kitu. Akaandika: "Biskuti."

Novemba kampuni ikapoteza mkataba wa shule. Mudiri mpya, yaani meneja, akaja na mandubu wake, na huyo mandubu akafungua mafaili akakuta wasimamizi wa mabasi kumi na mmoja na mabasi tisa. Akawarudisha wote kuwa madereva kwa siku moja. Karatasi ya visa ikafa na cheo chake. Dere alikwenda ofisini mara nne. Mara ya nne akaambiwa asubiri mwaka mpya, na mwaka mpya ulipofika akaambiwa binti anakaribia kuwa mtu mzima, faili lake ni jingine. Yaani mtoto alikuwa anakuwa mkubwa na serikali mbili zinajua na mama yake anajua, ila baba ndiye hakuwa ameandaliwa.

Ijumaa ile ya mara ya nne nilijua hatakuja. Saa kumi na mbili taa zikawaka. Tulipanda. Hata hatujafika barabara kubwa, bila kuombwa na mtu, akaanza Wareno. Alisimulia njia nzima, mizinga, mikanda, panya wa kila rangi, sauti imemkauka, na Mwakio, ambaye alikuwa na miaka minane na alijua kila kitu, hakumkatiza hata mara moja. Mimi nilikaa nyuma nikilia ndani ya ushungi wangu wa jua, nikijifanya nimesinzia.

Baadaye tukahama Umm Salal, karibu na kazi yangu. Leseni nikaipata mara ya tano. Watoto wakakua, wakapata marafiki na simu, na ngome zikawa kitu cha kuchekea mezani. Dere tulimwona Krismasi, halafu Krismasi nyingine hatukumwona. Hivyo ndivyo watu wanavyopotezana hapa. Hakuna ugomvi, ni mzunguko tu wa barabara umeongezwa.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na saba akanipigia.

"Mama Wakesho, Damaris amekuja."

"Wee! Visa imetoka?"

"Amekuja na ajenti. Anasafisha vyumba hotelini."

Sikujua niseme hongera au pole. Akanisaidia. "Nilimkataza," akasema. "Akaniambia, 'Wewe ulienda.' Sasa nitajibu nini? Nilitaka aje mgeni, amekuja mfanyakazi kama mimi. Ana miezi miwili hapa sijakaa naye saa moja. Ijumaa hii anatoka zamu asubuhi, anarudi saa tisa mchana. Naomba gari."

Nikamwambia gari lipo, na mimi nakuja, nitakaa nyuma.

Alikuwa amepungua. Kofia ilikuwa mpya. Tulimchukua Damaris kwenye lango la nyumba ya wafanyakazi, binti mrefu, bado amevaa sare chini ya sweta, mikono ina harufu ya dawa ya kusafishia. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, aunty," akaingia mbele. Dere alikuwa amenunua biskuti. Akamfungulia mkanda, akamfunga, akatoa gari kama kawaida yake.

"Sasa, mum," akaanza, kwa jina la kumdekeza binti, "hii tunaenda inaitwa Zubara. Ilijengwa..."

Nikasikia amenyamaza. Nikachungulia. Damaris alikuwa amelala, kichwa kimeangukia dirishani, biskuti mkononi haijafunguliwa. Hatujafika hata mzunguko wa tatu.

Dere akapunguza mwendo. Mtu aliyekuwa akiendesha polepole, sasa malori ya maji yakatupita. Akazima redio ambayo ilikuwa haisikiki. Kila penye tuta alikanyaga breki kabla ya kulifikia, akalipanda gurudumu moja moja. Tulikwenda hivyo saa mbili kasoro. Ngome ikatokea mbele, peke yake jangwani kama zamani, akaegesha kivulini mwa ukuta, akaacha gari linanguruma ili kipoza hewa kisizime.

Tukakaa. Watalii wawili wakaingia, wakatoka.

"Hutamwamsha?" nikanong'ona.

"Amefanya vyumba kumi na sita jana."

"Dere, umengoja miaka kumi na mbili."

"Ana zamu saa tisa."

Tulikaa pale robo saa zaidi. Hakuitazama ngome hata kidogo. Alikuwa ameegemea usukani, uso umeelekea siti ya pembeni yake, anamtazama mwanawe anavyopumua. Halafu akaangalia saa, akarudisha gia, akageuza gari taratibu, tukashika njia ya Doha.

Damaris aliamka tuliposimama. Akajifuta mdomo, akanyoosha shingo.

"Tumefika, baba?"

"Tumefika, mum."

Akatazama nje akaona lango la kwao, na mlinzi wake, na nguo zilizoanikwa kwenye madirisha. Akageuka akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki.

"Hukuniamsha."

"Ulikuwa umelala vizuri."

Akaweka zile biskuti mfukoni, akasema asante, tena kwa sauti ya kitoto ambayo haikulingana na urefu wake. Akashuka, akaenda mbio kuoga kabla ya zamu.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji Dere. Nilitaka kumwambia zitakuja Ijumaa nyingine, Zubara haihami. Nikahamia siti ya mbele nianze. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni bila yeye kuyazuia, na alikuwa anacheka.

"Mama Wakesho, umeona?" akasema. "Huyu mtoto toka azaliwe, kulazwa alilazwa na mama yake. Leo nimemlaza mimi."